Nilivyojifunza historia ya dunia kwenye jamvi la karafuu

Katika mtihani wa majaribio wa kidato cha nne nilimpeleka Vasco da Gama kwenye Mkutano wa Berlin. Wallahi. Mtu aliyefika Malindi mwaka 1498, mimi nikamketisha na Bismarck wa Ujerumani mwaka 1884 wakigawana Afrika. Mwalimu aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Alipanda ndege?"

Uvivu sikuwa nao. Daftari langu lilijaa istilahi, kushoto neno, kulia maana: ubeberu, ukiritimba, himaya. Nilizikariri zote, lakini kila neno lilikaa peke yake kama yatima.

Likizo ile nikarudi Wete, msimu wa karafuu. Usiku karafuu zinamwagwa ukumbini, mnaketi mnachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, vidole vinanata. Bibi akaniuliza: "We msomi, hizi asili yake wapi?" Nikamjibu hapahapa Pemba. Akacheka mpaka akakohoa.

Kumbe asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Wareno waliiteka bandari ya Malaka mwaka 1511 wakifuata viungo. Waholanzi wakaja na Kampuni yao ya Uhindi wa Mashariki, iliyoundwa 1602, wakaruhusu mikarafuu Ambon na kukata ya visiwa vingine, mradi auzaye awe wao tu. Huo ndio ukiritimba, na tangu siku ile haujanitoka. Baadaye Mfaransa Pierre Poivre akafanya mipango miche itoroshwe hadi Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Seyyid Said akaipandisha kwa wingi, kwa jasho la watumwa. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana bibi yangu anachambua.

Kwa hiyo ukisoma, shika kitu kimoja cha kwenu, ukifuate kilikotoka. Majina yatakuja yenyewe, na miaka yao mkononi. Na kila istilahi itafutie mtu aliyeumia nayo. Himaya mimi naikumbuka kwa Khalid bin Barghash. Tangu 1890 Zanzibar ilikuwa himaya ya Uingereza: sultani ana kiti chake, ila ruhusa ya kukikalia inatoka kwa Mwingereza. Khalid akakikalia bila ruhusa, na tarehe 27 Agosti 1896 manowari zikalipiga jumba lake. Vita havikutimia hata saa moja. Ukishalijua hilo, huhitaji tena kukariri tofauti ya himaya na koloni.

Njia hii haifai kwa kila kitu, nisikudanganye. Ule mwamko wa sanaa wa Ulaya nilijaribu kuutia kwenye karafuu, haukuingia. Niliukariri tu, na mpaka leo Michelangelo na Leonardo nawachanganya.