Ukitaka kufundisha hisabati mtandaoni, anza na majibu yaliyokosewa

Walimu wengi wa hisabati wanaoamua kuweka masomo mtandaoni hufungua muhtasari wa somo na kuhamisha mada moja baada ya nyingine: namba, sehemu, aljebra, jometri. Kinachopatikana ni kitabu kilekile, ila sasa kinasomwa kwenye simu. Anayejua na asiyejua wanapita mlemle, na asiyejua anakwama mapema na kuifunga simu. Kwa kufundisha sekondari hapa Tanga nimejiridhisha kwamba kazi ianzie upande wa pili. Kabla ya kuandika somo lolote, kusanya majibu yaliyokosewa.

Chukua 10 − 4 + 3. Wape wanaoingia kidato cha kwanza: utapata 9, na utapata 3 nyingi tu. Hiyo 3 usiiite uzembe. Shule ya msingi walikariri MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, na mtoto ametii neno kwa neno: kajumlisha 4 na 3, kapata 7, kaitoa kwenye 10. Kinachochekesha ni kwamba GA na ZI hazina madhara. Ukigawanya kabla ya kuzidisha, kama kwenye 24 ÷ 4 × 3, unapata 18 ileile ya kutoka kushoto kwenda kulia. Balaa liko kwenye JU na TO, ambazo zina hadhi sawa na hufanywa kwa mfuatano zilivyoandikwa. Basi aliyejibu 3 hahitaji video ndefu ya mada nzima. Mpe mistari mitano ya maelezo na maswali machache ambayo kutoa kunatangulia kujumlisha. Aliyejibu 9 apite zake. Aliyejibu 17 hakuiona alama ya kutoa, au kioo cha simu kimepasuka hapohapo. Mpe swali la aina hiyo lenye namba nyingine kabla ya kumpeleka popote.

Hiyo ndiyo njia inayomfuata mwanafunzi, na haihitaji mitambo ya ajabu. Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni, ni ya bure, ina aina ya shughuli ambayo kila jibu unalipangia ukurasa wa kurukia, na unaweza kukifunga kifungu, yaani kipande kimoja cha kozi, mpaka mtu afikishe alama fulani kwenye kingine. Ukitaka kwenda mbali zaidi kuna STACK, mfumo wa maswali ya hisabati yanayojisahihisha, kazi iliyoanzishwa na Chris Sangwin huko Uingereza, nayo ni ya bure. Inatumia programu ya aljebra iitwayo Maxima kukagua jibu lenyewe, kwa hiyo mwanafunzi akiandika 3x + 6 au 6 + 3x anapata haki yake, na akiandika 3x + 2 kwa swali la kufungua 3(x + 2), unaweza kumwambia palepale kwamba 3 haijaifikia 2 iliyo ndani ya mabano. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Maseno, Kenya, wanaitumia.

Matawi matatu kwa swali, yaani njia tatu za kumpeleka mwanafunzi kulingana na jibu lake, yanatosha. Ukianza kubuni matawi kumi unawajibu wanafunzi wa kufikirika. Jibu usilolielewa lipeleke kwa mwalimu, mtu wa kweli, amwulize mtoto: ulifikaje hapa?

Sasa namba. Uzuri wa kompyuta ni kwamba kila mwanafunzi anapata namba zake, na wa Ngamiani hanakili kwa mwenzake wa Chumbageni. Lakini usiiachie ichague ovyo. Swali la kipeo cha pili likitoka na namba 2, anayedhani kipeo ni kuzidisha kwa mbili atapata 4 na atasifiwa kwa ujinga. Kwenye a(x + b), a ikiwa 1, kosa na jibu sahihi vinafanana. Orodhesha kwanza makosa unayoyawinda, kisha zuia kila namba inayoyaficha. Hapa ndipo pa kutumia muda wako; rangi na picha za kupendeza zitasubiri.

Kuhusu vifungu kutumika tena, adui mkubwa ni maneno kama "jana tuliona" na "rejea zoezi la 3". Kifungu kijitegemee, kiwe na kosa moja, na jina lake litaje kosa hilo: "kujumlisha kabla ya kutoa". Ukikiita "Wiki ya pili" hakuna atakayekipata mwakani, na wewe mwenyewe umo. Hadithi ya swali itenganishwe na hesabu. Mimi hupenda machungwa ya Muheza na safari ya baiskeli kwenda Raskazone, lakini mwalimu wa Songea aweze kuyatoa machungwa akaweka mahindi bila kugusa namba hata moja.

Lugha nayo. Watoto wetu wanatoka kwenye hisabati ya Kiswahili, wanaingia ya Kiingereza kidato cha kwanza. Swali naliandika kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani utakuja hivyo. Maelezo ya kosa naandika kwa Kiswahili. Wapo wenzangu wanaosema namdekeza mtoto. Mimi naona mtu aliyekosea ana mzigo mmoja tayari.

Pima pia bando. Simu shuleni haziruhusiwi, kwa hiyo vifungu hivi hufunguliwa jioni kwenye simu ya mama, ikisubiriwa na wadogo zake. Maandishi na mchoro mwepesi vinafika. Video inakatikia njiani. STACK hukagua jibu kwenye seva, bila mtandao haifanyi kazi, basi maswali yake yatengee chumba cha kompyuta cha shule, na ya nyumbani yawe ya kuchagua au ya kujaza namba.

Ukimgawia mwalimu wa Korogwe au Lushoto, mtumie faili la nakala rudufu la kozi yenyewe. Wakati wa kulitengeneza, Moodle hukuuliza kama watumiaji wajumuishwe. Ondoa tiki hapo, maana majina ya wanafunzi wako na alama zao hazimhusu. Ongeza ukurasa mmoja wenye orodha ya makosa na namba ulizozizuia, pamoja na sababu ya kila moja, ili asizirudishe akidhani ulizisahau.