Daladala zinanibana pembeni, nifanyeje?

SWALI: Kila asubuhi naendesha baiskeli kutoka Uyole hadi Mwanjelwa. Daladala hunibana, malori hunipigia honi mpaka natoka barabarani. Nifanyeje? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Pole sana. Usijibanze kwenye ukingo wa lami. Ukijibanza, dereva huona nafasi ya kukupita hata pale isipotosha, na lami ikiwa imemeguka tairi la mbele huteleza. Kaa karibu mita moja ndani, nyoosha mwendo. Honi ikilia usikate usukani ghafla. Geuza shingo, tazama, kisha sogea taratibu penye bega pana la barabara.

Hatari kubwa ni lori lenye tela. Likikata kona kushoto, tela hukata ndani zaidi kuliko kichwa, kwa hiyo usipenye kamwe kushoto kwake. Daladala iliyosimama nayo usiipite upande wa mlango: abiria wanashuka.

Asubuhi za ukungu vaa kizibao cha kuakisi mwanga, washa taa nyekundu nyuma.

Dereva akikutukana, usimjibu wala kumfukuza. Simama pembeni, andika namba ya gari, saa na mahali, upeleke polisi kitengo cha usalama barabarani. Una haki ya kuitumia barabara hiyo.