Mtindi wa mbuzi kwa mbwa: mpe, ila chemsha kwanza

Mbwa wangu wanakula mtindi wa maziwa ya mbuzi karibu kila siku, na nawashauri wafugaji wenzangu wajaribu. Sharti langu ni moja na silegezi: maziwa yachemke kwanza, ndipo yagande.

Nalisisitiza kwa sababu wengi huku Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, tunakofuga mbuzi wa Kinorwe (mbuzi wa maziwa kutoka Norway) walioletwa miaka ya 1980, wanaamini maziwa mabichi yakishachacha yamejisafisha yenyewe. Hapana. Uchachu hupunguza vijidudu kadhaa, lakini brusela, wale wa ugonjwa wa kutupa mimba, wanaweza kubaki hai ndani ya mtindi mbichi. Mbwa anaambukizwa, na wewe unayekamua na kuonja unaambukizwa pia: homa zinazokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo kuuma kwa miezi, huku ukinywa dawa za malaria usiyo nayo. Hili halikuanza leo. Mwaka 1905 daktari Themistocles Zammit aligundua kwamba mbuzi wa kisiwa cha Malta ndio waliobeba vijidudu hivyo. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa huko walipozuiwa kunywa maziwa yale mabichi mwaka uliofuata, wagonjwa wa homa hiyo wakapungua sana.

Faida yenyewe iko kwenye kuganda. Mbwa wengi wakishakuwa wakubwa, matumbo yao hayawezi tena kusaga vizuri sukari ya maziwa, ndiyo maana maziwa yasiyoganda huwaharisha. Bakteria wa mtindi hula sehemu ya sukari hiyo kabla mbwa hajaifikia.

Mimi nachuja, nachemsha hadi yafure, naacha yapoe mpaka kidole kisafi kivumilie, kisha natia vijiko viwili vya mtindi mzuri wa jana kwa kila lita. Nafunika na kukiviringisha chombo kwa blanketi, maana baridi ya Uluguru huchelewesha. Kesho yake yameshikana, yana harufu kali ya uchachu lakini safi. Ukiona ukungu au rangi ya waridi, mwaga. Na maziwa yakigoma kabisa kuganda, jiulize kama mbuzi hajachomwa sindano ya antibayotiki karibuni. Dawa ikiwemo kwenye maziwa, inaua bakteria wa kugandisha. Maziwa hayo asipewe mbwa wala mtu.

Anza na kijiko kimoja cha chai, utazame kinyesi siku mbili tatu. Kikiwa kigumu cha kawaida, ongeza taratibu. Mbwa wa kilo 20 vijiko vitatu vya chakula kwa siku vinamtosha. Ukichanganya na ugali, ngoja ugali upoe, la sivyo joto litaua bakteria unaowataka. Usitie sukari. Dagaa na nyama vibaki palepale, mtindi ni nyongeza tu.

Watoto wa mbwa waliofiwa na mama usiwalee kwa maziwa ya mbuzi peke yake. Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini karibu maradufu, kwa hiyo muone daktari wa mifugo mapema.

Tena, ndugu zangu, tuache kuwatupia mbwa kondo la nyuma mbuzi anapozaa, hasa akiwa ametupa mimba. Humo brusela wamejaa kuliko hata kwenye maziwa. Vaa glavu, chimba shimo refu, fukia, na mbwa wafungwe mpaka umalize.