Je, vita vya mahandaki vilikuwa hivyo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu mwenye umri wa miaka 14 hushinda kwenye banda la gemu hapa Malindi akicheza Battlefield 1, kisha usiku hutusimulia Vita Vikuu vya Kwanza kana kwamba alikuwapo. Je, anayoyaona ni ya kweli, na umri wake unamruhusu? — Baba, Shela, Malindi.

JIBU: Ndugu yetu, sare, bunduki na vifaru anavyoviona mwanao vingi vilikuwapo, kwani waliotengeneza gemu hiyo ya mwaka 2016 walijitahidi katika vitu vinavyoonekana kwa macho. Kasoro ni namna vinavyotumika. Humo karibu kila askari aweza kukimbia akimimina risasi mfululizo, ilhali wengi wa askari wa mahandakini walikuwa na bunduki ya kukokiwa kwa mkono kila baada ya risasi moja, na MP 18 ya Wajerumani, bunduki nyepesi ya kumimina risasi mfululizo, haikufika vitani hadi mwaka 1918, vita vikielekea ukingoni. Mtazame pia mchezaji anapouawa: mwenzake tabibu humchoma sindano, naye husimama na kuendelea kupigana! Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme nchini Ufaransa, Waingereza 19,240 walikufa, na hapakuwa na sindano ya namna hiyo.

Lililo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni muda. Askari wa Uingereza alikaa siku chache mstari wa mbele, kisha kikosi chake kikapokewa na kingine, na katika siku hizo kazi yake ilikuwa kuchimba, kuzoa matope, kutengeneza seng'enge usiku na kupambana na chawa, huku akingoja mzinga wa adui ambaye pengine hatamwona kamwe. Mizinga ndiyo iliyojeruhi na kuua watu wengi kuliko silaha nyingine yoyote, lakini ni vigumu kumuuzia mtu gemu ya kujikunyata shimoni. Gemu nyingine, Verdun, iliyotoka mwaka 2015, inajaribu: risasi moja mara nyingi yatosha kukuua, na pande mbili hushambuliana kwa zamu, handaki kwa handaki.

Mwambie pia kwamba mahandaki hayakuwa ya Ulaya peke yake. Tarehe 12 Februari 1916, katika kilima cha Salaita karibu na Taveta, mizinga ya Waingereza ilipiga kileleni ilhali mahandaki ya Wajerumani na askari wao yalikuwa chini, na wanajeshi wa Afrika Kusini waliotumwa kukiteka wakarudishwa nyuma. Vita vya upande wetu viliwaua zaidi wapagazi, kwa maradhi na uchovu. Waliowatumikia Waingereza wakafa wanakadiriwa kufikia takriban 95,000. Wagiriama wa nyuma ya Malindi hapo walipoinuka Agosti 1914, kutakiwa kutoa vijana wa kubeba mizigo kulikuwa miongoni mwa sababu. Gemu za vita nilizozitaja hazina mpagazi wa kuchezwa.

Kuhusu umri, Battlefield 1 imewekewa miaka 18 barani Ulaya, kwa hiyo mwenye banda hakupaswa kumfungulia. Ipo Valiant Hearts ya mwaka 2014, iliyowekewa miaka 12: imechorwa kama katuni, mchezaji hutegua mafumbo kuliko kufyatua risasi, na katikati ya mchezo hupewa maelezo mafupi ya historia, ambayo ningeshauri myasome pamoja.