Sikio Linalovuja na Mtoto Anayeitwa Mkaidi

SWALI: Mwanangu yuko darasa la pili. Sikio lake la kushoto linatoka usaha tangu akiwa na miaka mitatu. Linakauka, kisha akishikwa na mafua au likiingia maji linaanza upya. Ameshakunywa amoksilini mara nyingi. Bibi yake humtilia mafuta ya nazi ya vuguvugu. Sasa mwalimu analalamika kuwa mtoto ni mkaidi, akiitwa haitikii. Je, usaha na ukaidi vinahusiana?
– Mama, Muheza

JIBU: Vinahusiana, mama, na huenda ukaidi wenyewe haupo. Sauti hutikisa ngoma ya sikio, nayo ngoma hutikisa vifupa vitatu vidogo vinavyofikisha mtikisiko sikio la ndani. Sikio linalovuja hivi kwa miaka kwa kawaida lina ngoma iliyotoboka, nayo haitikisiki vizuri, na usaha ukijaa huizuia zaidi. Kwa tobo peke yake usikivu unaweza kushuka desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 10 hadi 40, kulingana na ukubwa wake. Vifupa vikiliwa na ugonjwa, hasara inaweza kufika 60, ambacho ni kiasi cha mazungumzo ya kawaida. Nyumbani kukiwa kimya, sikio la kulia linamtosha. Darasani penye makelele, akiitwa kutoka kushoto, hana habari. Tena usikivu wake hupanda sikio likikauka na kushuka likivuja, ndiyo maana watu hudhani anasikia anapotaka.

Amoksilini haikushindwa kwa bahati mbaya. Usaha ukipita wiki mbili, bakteria wanaotawala mara nyingi ni wale wapenda unyevu, hasa Pseudomonas, na dawa hiyo haiwaui kabisa. Kinachofaa ni matone ya siprofloksasini, ambayo hufika palepale penye ugonjwa yakiwa na nguvu kuliko kidonge. Lakini ukiyatia juu ya usaha yataelea tu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kwanza kausha.

Sokota kitambaa safi cha pamba, au tishu isiyochanika ovyo, kiwe utambi. Usitumie kijiti, kiberiti wala pamba za vijiti. Vuta sikio nyuma na juu kidogo, ingiza utambi polepole, uache ulowe, utoe, uweke mwingine, mpaka mmoja utoke mkavu. Chupa ya dawa ishike kiganjani dakika mbili, kwani matone ya baridi humtia mtoto kizunguzungu. Alale ubavu, sikio bovu likiwa juu. Tia idadi ya matone uliyoandikiwa, kisha bonyeza mara kadhaa kile kinyama kilicho mbele ya tundu ili dawa isukumwe ndani. Abaki hivyo dakika tano. Akisema anaonja uchungu kooni, furahi: dawa imepita tobo. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, siku 14 kamili, hata kama siku ya tano sikio limekauka. Dukani usikubali matone ya jentamisini wala neomisini kabla daktari hajaangalia sikio; zikipita kwenye tobo zinaweza kudhuru sikio la ndani, na usikivu uliopotea huko haurudi.

Bibi aelezwe kwa adabu: mafuta hayaui bakteria hawa, na yanaziba njia ya dawa.

Siku 14 zikiisha na usaha bado unatoka, hasa wenye harufu ya kuoza, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Huenda ngozi imeota nyuma ya ngoma na inakula mifupa. Hiyo hutolewa kwa upasuaji tu. Uvimbe nyuma ya sikio, mdomo kwenda upande, homa yenye kichwa kikali au kutapika: nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sikio likikauka, omba apimwe usikivu. Kwa sasa mwalimu amkalishe mbele, upande wa kushoto wa darasa kwa anayetazama ubao, ili sikio zima limwelekee mwalimu na wenzake.

SWALI: Sikio langu lina tobo lakini ni kavu mwaka mzima. Naweza kuogelea baharini?
– Kijana, Kilifi

JIBU: Kupiga mbizi, hapana. Unapooga, ziba kwa pamba iliyopakwa vaselini. Na kwa kuwa limekauka muda mrefu hivyo, ulizia upasuaji wa kuziba tobo: daktari huchukua utando mwembamba unaofunika msuli wa juu ya sikio, akaubandika kama kiraka. Sikio linalovuja huwa linaambiwa lisubiri. Lako liko tayari kuangaliwa.