Ncha, kikomo au teminali?

Swali: Ninatafsiri makala ya kompyuta kutoka Kiesperanto. Maneno mawili yananisumbua: finpunkto na terminalo. Yote nimeyaandika "kikomo", lakini aliyeisoma rasimu anasema haelewi. Nifanyeje?

Jibu: Ana haki ya kutoelewa. Kikomo hutokana na kukoma, lakini katika mtandao finpunkto ni kifaa kilichounganishwa nao, na hakuna kinachokoma hapo. Simu au printa iliyounganishwa na mtandao hupokea data na hutuma data vilevile. Finpunkto limeundwa kwa fino, yaani mwisho, na punkto, yaani nukta. Ukilifasiri kipande kwa kipande utapata "nukta ya mwisho", na msomaji atafikiria alama ya kufungia sentensi.

Mimi ningeandika ncha. Kamba ina ncha mbili, na yoyote kati ya hizo yaweza kuwa mwanzo. Tayari tunasema ncha za sumaku na Ncha ya Kaskazini. Jaribu hii: "Ujumbe umefichwa kwa fumbo tangu ncha moja ya mtandao hadi ya pili." Haihitaji maelezo. Ila kama makala inataja mahali ambapo programu moja huelekeza maombi yake kwa programu nyingine, ncha haifai; andika "anwani ya huduma".

Terminalo lina njia yake. Zamenhof, aliyekibuni Kiesperanto, alipokitoa mwaka 1887, alitoa pia kanuni 16 za sarufi. Ya 15 inasema kwamba neno ambalo lugha nyingi zimelichota katika chanzo kimoja lichukuliwe lilivyo, libadilishwe tahajia tu. Ni kanuni nzuri, nasi tuifuate hapa: teminali. Zamani hiyo ilikuwa skrini na kibodi zilizounganishwa na kompyuta kubwa iliyokuwa mbali. Siku hizi mara nyingi ni dirisha la kuandikia amri. Kile kifaa cha zamani ungeweza kukiita kituo, lakini dirisha la amri huwezi kuliita hivyo ukaeleweka. Teminali inabeba maana zote mbili. Iweke katika ngeli ya I-ZI: teminali hii imefungwa, teminali hizi zimefungwa. "Mateminali" sioni sababu yake.

Ukiendelea na makala hiyo, chunga pia termino. Linafanana mno na terminalo, lakini maana yake ni istilahi.