Jibu: Kwa nini ioni zipitishwe kwenye mfereji wa plazma?
Ndugu, umeuliza kwa nini ioni (atomi zilizopoteza elektroni) zisirushwe tu kwenye ombwe hadi kwenye kidonge cha fueli ili kuwasha muunganiko wa nyuklia, na huo mfereji wa plazma ni wa nini. Tatizo ni chaji. Ioni zote ni chanya, zinasukumana, na mwale unatanuka kabla haujafika kwenye shabaha yenye upana wa milimita chache. Plazma, yaani gesi ambayo atomi zake zimeachia elektroni, ina elektroni huru. Zinauvamia mwale na kufuta sehemu kubwa ya msukumano huo.

Hiyo ni nusu tu ya kazi. Leza hupasha gesi joto kwenye mstari mmoja, gesi inatanuka na kubaki nyepesi katikati, kisha umeme wa makumi ya maelfu ya ampea unapita humo humo, kama maji yanavyofuata mtaro. Mkondo huo huzungukwa na uga wa sumaku. Mkondo ukielekea upande uleule wa ioni, kila ioni inayochepuka inavutwa kurudi katikati. Maabara ya GSI ya Darmstadt, Ujerumani, na ile ya Berkeley, Marekani, zilishajaribu mfereji wa aina hii.

Kinachonitia shaka mimi ni uthabiti: mfereji ukijipinda, mwale nao unakosa shabaha.